Mama wa Glasi Aliyekataa Kuniuzia

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la sita, nikabeba magunia ya mahindi kwa mgongo kule mji wa Kwanza, nikalala kwenye stoo na panya, na leo nina lori tatu, kinu cha posho, na nyumba ya ghorofa hapa Kitale ambayo watu wakipita wanaulizana ni ya nani. Nimeona polisi akilia. Nimeona mhubiri akitoroka mkutano wake mwenyewe. Nimeuza mahindi yaleyale mara mbili kwa siku moja, kwa mtu yuleyule, na akanishukuru. Kwa hivyo nikisema kwamba kuna mwanamke mmoja muuza vinywaji aliyenishangaza, tena mbele ya watu, saa moja asubuhi, ujue sisemi jambo dogo.

Sisi wote tulimwita Mama wa Glasi. Alizaliwa wapi, watu wake ni akina nani, mimi sikumuuliza na yeye hakusema. Wengine walidai ametoka Mumias, wengine Uganda, wengine Pwani kabisa. Yeye ukimuuliza alikuambia, "Nimetoka hapo nyuma kuchota maji," na akaendelea na kazi yake.

Kibanda chake kilikuwa karibu na msikiti. Wanaume wakitoka kuswali alfajiri walikuta jiko limewaka na chai ya tangawizi iko tayari. Hao walikunywa kwa adabu, wakasalimiana, wakaenda kazini. Kisha kukawa na kanafasi hivi, kama nusu saa, akafuta benchi na kupanga glasi upya, halafu tukaja sisi. Sisi tulikuwa tunatoka upande mwingine wa mji, macho mekundu, midomo imekauka kama gunzi, kila mmoja ameshika kichwa chake utadhani ni mzigo wa mtu mwingine alioombwa amshikie.

Hapa ndipo pa kushangaza kwa mtu anayeshangaa. Mama yule hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Neno pombe lenyewe halikuruhusiwa kwenye kibanda chake. Ukilitamka alikunyang'anya glasi. Yeye aliita safari. "Umesafiri?" ndiyo ilikuwa salamu yake kwetu.

"Nimesafiri, mama."

"Ulifika wapi?"

"Mbali."

"Ulirudi na nani?"

"Sijui, mama. Nimejikuta tu."

"Kaa hapo."

Na alijua ulikopitia bila kuambiwa. Aliinama kidogo, akanusa hewa iliyokuwa mbele ya uso wako, akasema, "Wewe umepita njia ya mahindi," basi ulikuwa umekunywa busaa. Au, "Wewe umepita njia ya molasi," na hapo hata wenzako kwenye benchi walisogea mbali nawe, kwa sababu chang'aa ilikuwa na sifa yake. Siku moja rafiki yangu dalali, mtu wa Naitiri ambaye ameninunulia mahindi miaka mingi, alijaribu kumdanganya. Alitafuna jani la mwarobaini na kitunguu kizima kabla ya kuja. Mama akamnusa, akamnusa tena.

"Wewe umepita njia mbili," akasema. "Na ya pili ulilipiwa."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Ilikuwa kweli. Aliyemlipia ni mimi.

Sasa vinywaji vyenyewe. Watu wa mjini wana maneno mengi juu ya kuondoa hengova, ule ugonjwa wa asubuhi baada ya kulewa. Kuna wanaosema utoe loki, yaani uamkie chupa nyingine. Mama wa Glasi alisema huko ni kukopa kichwa cha kesho ulipe cha leo. Kuna wanaosema kahawa nyeusi. Kahawa hakuipika kabisa. "Kahawa inamwamsha msafiri," alisema, "lakini ameamka hapohapo alipokuwa." Yeye alianza na maji. Maji ya kuchemsha yaliyopoa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, sukari kijiko, ndimu nusu. Hiyo ndiyo glasi ya kwanza na haikuwa na mjadala. Ukiitapika, alikupa nyingine, ukanywa kwa kuonja kama mtoto. Ikikaa, ulihamia supu ya miguu ya ng'ombe, iliyochemka tangu jana yake, yenye pilipili manga na chumvi ya kutosha. Kisha uji wa wimbi uliochachuka kidogo. Kwa wale wa tumbo bovu kulikuwa na maziwa lala ya kibuyu, yale ya majivu, yaliyoletwa na mama mmoja mkulima kutoka miteremko ya Elgon. Na kwa aliyekuwa amepona nusu, akitaka kusherehekea, kulikuwa na ukwaju uliotoka Pokot, baridi, mtamu, wa rangi ya udongo. Huo ukwaju, wacha tu. Nitaurudia.

Yule mama wa maziwa alikuwa mtu wa kanisa, na jambo moja lilimsumbua. Nilimsikia akimwambia Mama wa Glasi, "Lakini dada, si wewe ndiye unawasaidia hawa warudi kulewa?"

Mama wa Glasi alikuwa anakoroga. "Maziwa yako ya leo ni lita ngapi?"

"Kumi."

"Unafikiri yananywewa na kwaya?"

Yule mama akashika mdomo akacheka, na hakuuliza tena. Lakini nadhani swali lilibaki kwa Mama wa Glasi mwenyewe, kwa sababu alikuwa mtu wa mambo mawili yasiyokaa pamoja. Alituchukia tukija na alitukasirikia tusipokuja. Mtu akipotea wiki nzima, aliuliza, "Yule wa kofia yuko wapi?" Ukimwambia ameacha kusafiri, ameokoka, alisema alhamdulillahi, na dakika tano baadaye alikuwa amekunja uso ananung'unika ati watu siku hizi hawaagi. Alikuwa mkali kwa sukari ya wengine, anakupimia kijiko kama dawa, na yeye chai yake alitia vijiko vinne na kulamba kijiko. Alihimiza usafi mpaka akakunawisha mikono yeye mwenyewe, lakini leso aliyofutia glasi ndiyo aliyofutia jasho. Glasi zenyewe zilikuwa nzito, za kitako kinene. Vikombe vya plastiki hakuvitaka. "Mtu aliyesafiri lazima ajue ameshika kitu," alisema.

Lakini kilichomfanya ajulikane Kitale nzima, mpaka madereva wa lori wa Moi's Bridge walimtafuta, ni sheria yake ya malipo. Kwa Mama wa Glasi hukulipa ukiagiza, wala ukimaliza. Ulilipa baada ya kwenda haja ndogo.

Usicheke. Ulikunywa, ukakaa, ukanywa tena, mpaka mwili ukubali kutoa. Ukitoka nyuma ya kibanda alikuuliza mbele ya watu wote, bila aibu, mwanamke wa heshima na buibui yake: "Rangi gani?"

Kulikuwa na majibu matatu tu. Ukisema "strungi," yaani kama chai isiyo na maziwa, alikujazia glasi ya maji na kukuonyesha benchi. Ukisema "ndimu," alikuwekea supu. Ukisema "maji ya mchele," yaani karibu hayana rangi, alinyoosha mkono. "Umerudi nyumbani. Lipa." Wengine tulikaa pale mpaka saa nne, watu wazima wenye kazi na wake, tukisubiri mwili uturuhusu kulipa. Mwalimu mmoja alijaribu kulipa mapema akimbilie darasa. Mama akamrudishia pesa mfukoni. "Mimi siuzi maji," akamwambia. "Maji yako kwa mfereji. Mimi nauza kurudi."

Huko nyuma alikuwa amejenga mahali pa wanaume, mabati pande tatu na mfereji wa simiti, na kila asubuhi alimwaga majivu ya jiko kuondoa harufu. Watu wote walitumia hapo. Mimi sikutumia. Nilikuwa na viatu vya ngozi nilivyonunua Kampala, na siwezi kusimama kwenye matope nimebanana na makuli. Nilimlipa fundi akanipangia mawe matatu pembeni, karibu na ua, na bati moja la kunikinga. Walikuwa wananicheka. Walipaita Kona ya Tajiri. Hakuna mwingine aliyethubutu kwenda hapo, na mimi nilifurahi. Niliona mtu akifika kiwango fulani lazima awe na pake.

Sasa sikia.

Mwaka ule mke wangu aliniambia nichague, chupa au yeye, na aliniambia ameshapanga sanduku. Mimi ni mtu wa kuamua. Niliamua siku hiyohiyo. Niliacha pombe, si kupunguza, kuacha. Wiki ya kwanza nilijisifu sokoni kote. Wiki ya pili niliamka na kichwa kizito, mdomo mkavu, miguu kama imefungwa mawe. Kiu ile sijawahi kuiona. Niliamka kila saa kwenda chooni, nikinywa maji na kurudi, nikinywa na kurudi. Nikashangaa, hapana, sikushangaa, nilisema hii ni hengova. Lakini ya nini, na sijanywa?

Yule dalali wangu wa Naitiri alikuwa na jibu. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia.

"Mkubwa, wewe umekunywa miaka mingapi?"

"Ishirini na kitu."

"Si hiyo ndiyo hiyo? Pombe ya miaka ishirini haiwezi kutoka siku moja, bana. Inatoka pole pole. Sasa hii ni hengova ya zamani, ile uliikwepa ukiwa kijana. Inakuja kwa foleni."

Utaniona mjinga, lakini niliamini. Hata nilijivunia. Nilihesabu kwamba mtu wa kawaida angekuwa na hengova ya zamani ya mwezi mmoja, na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nakunywa, ningekuwa na ya mwaka. Suruali zilianza kulegea, nikatoboa mshipi tundu jipya kwa msumari, nikawaambia watu, mwaona, pombe inatoka na kitambi chake. Na kwa sababu ni hengova, nilijua pa kuipeleka. Kila asubuhi nilikuwa kwa Mama wa Glasi. Glasi ya maji ya sukari na chumvi, kisha ukwaju. Ukwaju, na ukwaju tena. Nilibeba pakiti yangu ya glukosi mfukoni nikaongezea. Mwili ukipiga kelele ya kiu, mimi niliupa utamu, na kadiri nilivyoupa ndivyo ulivyoomba.

Na majibu yangu yalikuwa mazuri, ndiyo ajabu yake. "Rangi gani?"

"Maji ya mchele, mama. Maji safi kabisa."

Alinitazama. Alichukua pesa, lakini alinitazama.

Asubuhi ninayoisema ilikuwa Jumatano, siku ya soko, benchi zimejaa. Nilifika, nikanywa glasi mbili za maji bila kupumua. Nikanywa ukwaju mmoja. Nikaenda kwenye kona yangu. Nikarudi. Nikaita ukwaju wa pili.

"Sikuuzii," Mama wa Glasi akasema.

Nikadhani anatania. "Mama, leta. Koo inawaka."

"Nimesema sikuuzii. Jana ulisafiri?"

"Sikusafiri. Si unajua nimeacha?"

"Juzi?"

"Mama, nimemaliza mwezi mzima."

"Basi unarudi kutoka wapi?"

Watu wakacheka. Mimi uso ukawaka moto. Nilikuwa nimezoea kuheshimiwa. Nikasimama, nikamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka natamani ardhi inimeze. "Mama, mimi naweza kununua hiki kibanda, na benchi zake, na hizo glasi zako, kabla hujamaliza kukoroga hiyo supu."

"Nunua," akasema. "Na ukishanunua, ukwaju bado sikuuzii. Njoo."

Akatoka. Akazunguka nyuma ya kibanda, na mimi nikamfuata kwa hasira, na nusu ya benchi ikatufuata kwa raha. Akapita mahali pa wanaume, akafika kwenye kona yangu, akainua bati langu kwa mkono mmoja.

Pale kwenye mawe yangu matatu, ambapo mimi sikuwahi kuangalia chini, kulikuwa na sisimizi. Si kumi, si mia. Walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye ua mpaka jiwe la katikati, mweusi, mnene kama kamba, na pale jiwe lilipolowa walikuwa wamejaa wanapandana.

"Angalia kule kwa wenzako," akasema. Niliangalia mfereji wa simiti. Hakukuwa na hata mmoja.

"Huko si unamwaga majivu?" nikasema.

"Wiki nzima sijamwaga majivu popote. Nilitaka kuona watachagua nani." Akashusha bati. "Hawa hawafuati safari. Hawa wanafuata sukari. Iko ndani yako inamwagika. Nenda hospitali leo, usiende kesho."

Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Ati tajiri hata mkojo wake ni soda." Wakaangua kicheko. Ndipo nikaondoka. Nilipita kibandani, nikachukua kofia yangu, nikapanda gari. Na kwa sababu ya hasira sikulipa.

Nilikwenda kazini, Moi's Bridge, kupima mahindi. Njiani nilinunua soda mbili kubwa, nikazinywa zote, za kumkomoa Mama wa Glasi. Unaona mtu akimkomoa mwenzake kwa kujiua? Ndiye mimi. Nikafika kwenye mizani. Nimesoma mizani tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Sijui kusoma gazeti vizuri, lakini mizani, hakuna mtu Trans-Nzoia nzima anayeweza kunidanganya kwenye mizani. Nikaangalia ile saa ya mizani. Hakukuwa na namba. Kulikuwa na ukungu mweupe, na sindano imekuwa sindano tatu.

"Ngapi hiyo, mkubwa?" mkulima akaniuliza.

Nikafuta macho. Nikaangalia tena.

"Mkubwa, ngapi?"

"Soma wewe," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu aliyepewa pesa bure. Katika miaka yote ya biashara sijawahi kumwambia mkulima asome mizani mwenyewe. Hapo, kwenye ile mizani, nikiwa nimesimama kati ya magunia yangu, niliogopa. Nilijua kwamba mtu asiyesoma mizani na hajasoma shule hana kitu. Lori zitaenda. Kinu kitaenda. Ile ghorofa, watu watapita waulize ilikuwa ya nani.

Nilimwacha mkulima na gunia lake hewani. Nikampa dereva wa lori langu ufunguo wa gari, nikamwambia anirudishe Kitale polepole. Kwenye duka la dawa dada mmoja alinichoma kidole, akaweka tone kwenye kimashine chake, akaangalia, akachoma kidole kingine.

"Mzee, umekula nini?"

"Soda mbili. Na ukwaju."

"Mashine imeshindwa kuhesabu. Imepita mwisho wake." Akafunga duka, wallahi, akafunga duka mchana, akanishika mkono mwenyewe mpaka kwa daktari.

Nililazwa siku sita. Sindano, dripu za maji ya chumvi, bila sukari safari hii. Daktari alikuwa kijana, umri wa mtoto wangu wa kwanza. Siku ya tatu, macho yaliporudi, aliketi kwenye kitanda changu.

"Nani alikuambia upime?"

"Mama mmoja anauza supu."

"Ni nesi?"

"Hapana. Anauza supu."

"Alijuaje?"

Nilimweleza juu ya sisimizi. Akacheka pole pole. "Mwambie asante kutoka kwangu," akasema. "Siku mbili tatu zaidi na soda zako, ungeletwa hapa hujui jina lako. Au usiletwe."

Sitaficha, nililia. Nililala chali nikiangalia dari, nikisoma herufi zilizoandikwa kwenye taa, ndogo kabisa, na zote nilikuwa naziona. Sikuelewa maana yake, lakini niliziona, moja moja. Furaha ile siwezi kuilinganisha na ya lori ya kwanza. Mke wangu akaingia na chupa ya chai isiyo na sukari, akanikuta nalia, akadhani nimeambiwa nitakufa.

"Nini?"

"Naona," nikamwambia.

"Unaona nini?"

"Kila kitu."

Ungedhani nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kwa Mama wa Glasi. Sikwenda. Aibu ni mzigo ambao hata kuli hawezi kukubebea. Nilijiambia nitaenda nikipata nguvu. Kisha nikasema nitaenda na zawadi kubwa. Nikapanga kumjengea kibanda cha mawe, chenye paa la vigae, jina lake mbele kwa rangi. Nilikuwa nampangia makubwa kwa sababu sikuweza kufanya lile dogo, kumwambia nisamehe. Miezi ikapita, ikafika kama mwaka na nusu. Siku niliyojipa moyo, nikapeleka gari karibu na msikiti, nikakuta pale panauzwa chaja za simu.

"Yule mama?" kijana wa chaja akaniambia. "Magoti yalimchosha. Alihamia kwa binti yake, Bungoma."

Nilizunguka Bungoma siku mbili nikiuliza karibu na msikiti wa huko. Sikuwa na jina lake la kuulizia. Niliuliza tu juu ya mama anayeuliza watu rangi, na muuza samosa mmoja akacheka, akaninyooshea mlango wa bluu.

Alikuwa uani, kwenye kiti cha chini, anachambua wimbi kwenye ungo. Amepungua. Aliinua macho, akaniangalia viatu kwanza.

"Wewe ni yule wa kona."

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Nilikuwa nimeirudia njiani kutoka Kitale, pale Kiminini, pale Kamukuywa, mpaka dereva akachoka. Nikatoa bahasha. Nikamwambia nimekuja kumjengea, achague mahali, hapa au Kitale, mawe, vigae, friji, kila kitu. Nikamwambia bila yeye ningekuwa kipofu au marehemu. Nikamwambia nilimtukana na nimekuja kuomba msamaha.

Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Mzee wangu nilimwagia majivu miezi minane."

Sikuelewa.

"Mume wangu. Walikuja hao sisimizi chooni kwetu. Mimi nikasema ni uchafu. Kila asubuhi nilimwaga majivu, nikafagia, nikajisifu nyumba yangu ni safi. Na yeye alikuwa anasema ana kiu, nampikia uji wa sukari." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Kwa hivyo nilipoona wako nikasema, huyu simwagii."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anapiga msumari.

Akaita binti yake alete maji. Glasi ilikuwa ileile, nzito, ya kitako kinene. Maji matupu, hayana kitu ndani. "Kunywa." Nikanywa. Akaleta ya pili. Nikanywa. Tukazungumza juu ya mahindi, bei, mvua, kwamba yule dalali wangu wa Naitiri bado anasubiri hengova yake ya zamani ije. Alicheka mpaka akashika goti. Baada ya muda nikaanza kusogea kwenye kiti.

"Choo kiko pale," akasema. "Lakini kuna kona ya nje, tumia hiyo. Nataka kuangalia sisimizi kesho."

Nikaenda. Nikarudi.

"Rangi gani?"

"Ndimu, mama."

"Ya kawaida?"

"Ya kawaida kabisa, ile ya maji ya mchele ilikuwa ugonjwa. Na sukari yangu ya leo asubuhi ilikuwa sita. Napima mwenyewe, nasoma mwenyewe."

Akaweka ungo chini. Akanyoosha mkono, kiganja juu, kama zamani. "Basi lipa."

Nikasukuma bahasha. Akairudisha kwa kidole kimoja.

"Hiyo sijui ni ya nini. Siku ile ulikunywa glasi mbili za maji, kumi kumi. Na ukwaju mmoja, ishirini. Ukaenda nyuma, ukaondoka. Watu wa benchi waliona. Nimeaibika na hilo mpaka leo."

"Na za leo?"

"Za leo uko nyumbani kwangu."

Nikafungua pochi. Nilikuwa na noti za elfu tupu. Nikamwambia achukue moja, abaki nayo, tafadhali. Akasema yeye hajawahi kubaki na chenji ya mtu na hataanza uzeeni. Kwa hivyo mimi, mwenye lori tatu na kinu na ghorofa, nilitoka kwenye mlango wa bluu, nikazunguka vibanda vitano vya Bungoma kwenye jua nikiomba watu wanivunjie elfu moja, muuza samosa akinicheka, mpaka mama mmoja wa mboga akanihurumia.

Nikarudi na sarafu. Nikampa mkononi. Alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pembe ya leso yake, akakaza fundo kwa meno, na akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mtungi.

"Umerudi," akasema.

Shilingi arobaini.